Wana Mwanza, bendera ikishushwa saa 12 jioni tunasimama kwa ajili ya nani?

Mwana wa Nyakato (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, naomba uvumilivu, na naomba mtu asome wote kabla ya kunirukia.

Kila siku saa 12 jioni bendera ya taifa inashushwa kwenye vituo vya polisi na kwenye kambi. Filimbi inapulizwa, anayetembea anasimama, bodaboda anakanyaga breki, mama mwenye beseni la dagaa kichwani anatulia nalo hapo hapo mpaka filimbi ilie tena. Huku kwetu Mwanza saa hiyo bado kweupe, maana jua linazama ziwani saa 1 kasoro, kwa hiyo kila kitu kinaonekana. Na kinachoonekana ndicho kinachoniuma: watu wanamwangalia askari, hawaiangalii bendera.

Juzi juzi nilikaa na vijana wa kijiweni kwetu nikawauliza, mnasimama kwa ajili ya nani? Mmoja akasema kwa ajili ya polisi. Mwingine akasema ukipita unakamatwa. Wa tatu akasema bendera ni ya serikali. Hawa si vijana wabaya. Ni hao hao wanaochanga msiba ukitokea, ni hao hao wanaokwenda hospitali ya Bugando kutoa damu mwenzao akipata ajali. Ila kwenye vichwa vyao bendera ni mali ya wenye sare, na kusimama ni njia ya kukwepa matatizo. Hakuna hata mmoja aliyetaja mwanajeshi aliyekufa.

Mimi naiona ile dakika ya saa 12 kuwa ni ya askari waliokwenda wasirudi, na ya wale waliorudi tukawasahau. Tumewafundisha watu kuiogopa filimbi, hatukuwaambia inawaita wamkumbuke nani.

Na sisi wa kanda ya ziwa hatuna haja ya kwenda mbali kumtafuta wa kumkumbuka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, wakapora ng'ombe, wakaharibu kiwanda cha sukari, wakalipua daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya ng'ambo ya mto ni yake. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunazo na nia tunayo. Hilo wengi wanalijua kwa sababu redio hulirudia. Wasilolijua, hasa waliozaliwa miaka ya tisini na kuendelea, ni kwamba vita ile ilifika hapa hapa mjini. Mwishoni mwa Machi 1979 Gaddafi wa Libya, aliyekuwa upande wa Amin, alituma ndege ya kivita aina ya Tu-22 ije kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa shabaha. Mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane, palipokuwa na bustani ya wanyama, yakaua swala na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Hebu mtu aliyekulia hapa mjini afikirie yale matangi yangepatikana ingekuwaje. Siku chache baadaye ndege zetu zikajibu Entebbe, Kampala na Jinja, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Leo Saanane ni Hifadhi ya Taifa. Tunavuka kwa boti, tunapiga picha juu ya mawe, tunawatazama pimbi, tunarudi. Sijawahi kumsikia mtoto wa shule akirudi kwenye ziara ya Saanane akisimulia habari ya bomu.

Waliokwenda vitani walitoka huku kwa wingi. Jeshi la kawaida peke yake lisingetosha, wakaongezwa mgambo, JKT, polisi na magereza. Vita ilipoisha tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18, na mgambo wengi wakavua sare, wakarudi kwenye pamba, wengine ziwani. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule sasa ni mzee, na mtaani hakuna anayejua.

Kwetu yupo mmoja ninayemheshimu sana. Analinda duka la vifaa vya ujenzi usiku. Saa 12 jioni ndiyo anaingia lindoni, na filimbi ya kituo inasikika mpaka pale. Nimemwona anavyofanya. Anaegemeza rungu ukutani, anavua kofia, visigino vinagusana, ngumi zimekaa kwenye mshono wa suruali, kidevu juu, macho mbele. Mguu wa kushoto una kovu refu kutoka gotini, na ndio unaotetemeka kidogo asipoupa uzito. Watu wanampita. Wanapita kwa sababu pale polisi hawawaoni. Yeye naye polisi hawamwoni, na hajawahi kuacha kusimama.

Sasa nisikilizeni. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kwenye sherehe ya kitaifa kuna kitu kizuri sana. Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, Meya anaweka upinde na mshale, na mzee aliyepigana vita anaweka shoka. Ninapoliona lile shoka likiwekwa na mkono wa mzee huwa naelewa sherehe nzima. Lakini hiyo ni mara moja kwa mwaka, na wengi wetu tunaiona kwenye televisheni.

Ombi langu ni kwamba jioni ya 25 Julai, kila kata ya Nyamagana na Ilemela, bendera ya ofisi ya kata ishushwe na mzee aliyepigana. Yeye ndiye ashike kamba. Kabla ya kuishusha yasomwe majina ya watu wa kata hiyo waliokwenda na hawakurudi, wa Kagera na wa vita nyingine. Isiwepo hotuba ya diwani, usiwepo wimbo wa chama, zisigawiwe fulana. Majina, filimbi, bendera, kisha mzee apewe kiti na chai, watoto wamuulize wanachotaka. Mtoto aliyemwona babu wa jirani yake ameshika ile kamba, kesho filimbi ikilia hatahitaji kutishwa. Na haya mambo ya kuadhibu watu barabarani yakome, kwa sababu yanaua kile kile tunachotaka kukijenga.

Nawasilisha.

Bodaboda wa Mwaloni

Mkuu umeandika vizuri, lakini na mimi nikwambie langu. Nilimpakia mama mtu mzima na ndoo yake ya sato kutoka Mwaloni. Nina kofia ngumu kichwani, lori linanguruma ubavuni, filimbi sikuisikia. Nikapita. Kituo sikitaji. Nilivutwa, nikaambiwa niruke kichurachura mbele ya abiria wangu, kwenye changarawe, mpaka magoti yakachubuka. Yule mama akawa anawaomba, "Baba zangu msameheni, amekosa bahati tu." Hawakumsikiliza. Mwishowe akapanda pikipiki ya mwenzangu, na samaki wake.

Tangu hapo ikifika saa 11 na nusu nazunguka barabara nyingine. Nachoma mafuta ya ziada kila siku ili nisipite pale.

Na msinione sina heshima. Babu wa mama yangu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni, alipelekwa Burma vita vya pili vya dunia. Nyumbani Misungwi ipo picha yake, amevaa kaptula na kofia ya ukingo mpana. Mimi nimekua nikiiona ile picha ukutani. Lakini siku ile naruka sikumkumbuka babu. Nilimchukia aliyenirusha, na bendera nikaijumlisha humo humo. Ndiyo ukweli.

Mwana wa Nyakato

Pole sana ndugu yangu. Hicho ulichofanyiwa ndicho ninachokisema. Mtu ambaye nyumbani kwao kuna picha ya Keya ndiye alitakiwa awe wa kwanza kusimama kwa hiari, leo anachoma mafuta kuikwepa bendera. Yule aliyekurusha amemnyang'anya babu yako mtu wa kumkumbuka. Sina neno jingine la kumtetea na wala sitafuti.

Kalamu ya Ilemela

Niongezee upande wa sheria kidogo. Bendera na nembo nyingine zinalindwa na Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971. Kuichoma, kuidhihaki, kuitumia vibaya ni kosa na sina ugomvi na hilo. Ila watu wakumbuke na kesi ya wale wanafunzi wa Mbozi, waumini wa Mashahidi wa Yehova, walioadhibiwa shuleni kwa sababu hawakuimba wimbo wa taifa. Walikuwa wanasimama kwa utulivu, hawaimbi tu. Kesi ikafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 2013 Mahakama ikawapa haki: kunyamaza wenzako wakiimba hakumaanishi umekosa adabu kwa taifa.

Nimeleta hili kwa sababu humu ndani kila mada ya uzalendo inaishia kwenye "alazimishwe". Mahakama ya juu kabisa ya nchi hii imeshaona kwamba heshima inaweza kukaa ndani ya mtu aliyenyamaza. Mleta mada namuunga mkono kwenye wazo la wazee. Kwenye majina pia. Isipokuwa kwenye kata yangu nitasimama dhidi ya yeyote atakayeleta daftari la kuandika nani alihudhuria na nani hakuja.

Mhitimu Asiye na Ajira

Wakubwa shikamooni. Mimi nitaongea kama kijana. Nimemaliza chuo, nimepita JKT, nimelala kwenye hanga, nimekimbia mchakamchaka saa 10 usiku, nimeshika bunduki, nimekula kiapo. Nikarudi mtaani nauza vifuniko vya simu Makoroboi. Kila kiongozi akisimama anatuambia vijana hatuna uzalendo. Uzalendo tunahubiriwa sisi, matunda wanakula wengine. Mnapotaka tusimame tunasimama, wala si kazi. Lakini msituambie kwamba tatizo la nchi hii ni vijana kutosimama bendera ikishushwa. Huyo babu wa mleta mada anayelinda duka usiku na kovu la vita mguuni, mnamheshimu kwa kumpa kamba ashushe bendera, halafu saa 1 arudi lindoni? Mimi hapo ndipo naona uchungu.

Mwalimu wa Usagara

Marahaba mwanangu. Umeongea kwa uchungu na uchungu wako ni wa haki. Sitakujibu kwa maneno ya jukwaani. Nitakusimulia tu kilichotokea shuleni kwangu.

Bendera yetu ilikuwa imechakaa. Upepo wa huku unaijua kazi yake, ncha ya nje ilikuwa imebaki nyuzi nyuzi, kijani imepauka mpaka hujui ni kijani au kijivu. Tulikuwa tunaipandisha hivyo hivyo kila asubuhi na kuishusha jioni, na waliokuwa wanaishusha ni watoto wa zamu, wanaivuta haraka haraka wawahi kwenda nyumbani, inaanguka kwenye vumbi, wanaikunja kama shuka.

Siku moja mzee mmoja akaja kumfuata mjukuu wake, akakuta inashushwa. Akasimama mpaka mwisho. Akaja ofisini, akanisalimia kwa adabu, akaniambia, "Mwalimu, mimi hii nimewafunika wenzangu." Hakusema zaidi. Nilishindwa kumtazama usoni.

Tukachanga, tukapata bendera mpya. Yule mzee nikamwomba aje awafundishe watoto. Aliwapanga wanne. Mmoja kwenye kamba, watatu chini wanasubiri kupokea. Akawaambia asubuhi inapanda kwa haraka, jioni inashuka taratibu, na mwenye kamba haiachii mpaka mwenzake aseme "nimeshika". Ikigusa chini mnarudia mwanzo. Ilirudiwa mara nyingi sana siku hiyo, na hakumpiga mtoto wala kumfokea. Kisha akawaonyesha kukunja: kwanza kwa urefu, mstari mweusi wenye kingo za njano ukae juu uonekane, halafu upana. Leo darasa la tano wanagombania zamu. Wanajua kwa nini. Aliwasimulia habari za kuvuka mpaka wa Uganda pale Mutukula usiku, wakakaa kimya, na hao ni watoto ambao mimi kuwanyamazisha ni kazi.

Kwa hiyo kijana wangu, kamba peke yake haitoshi, hapo tuko pamoja. Lakini usiidharau. Yule mzee tangu siku hiyo anatembea mtaani watoto wanamwamkia "Shikamoo Afande". Kabla yake walikuwa wanamwita jina la utani kwa sababu ya mguu wake.

Binti wa Ukerewe

Mimi nataka kusema kuhusu nusu mlingoti, kwa sababu hiyo nayo ni kushusha bendera.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara. Watu zaidi ya 200 wakafa, watu wa kwetu, siku ya gulio. Zikatangazwa siku nne za maombolezo na bendera nusu mlingoti nchi nzima. Mimi nilikuwa Nansio. Nilimwona askari pale ofisini asubuhi: aliipandisha kwanza mpaka juu kabisa, ikagota, akatulia, ndipo akaishusha mpaka nusu. Baadaye nikaelewa kwamba ndivyo inavyotakiwa, bendera haipandi nusu, inapanda yote kisha inashuka kwa ajili ya wafu.

Na waliozama chini ya kile kivuko kuwatafuta ndugu zetu walikuwemo wapiga mbizi wa jeshi. Siku mbili baada ya ajali bado walimtoa mtu akiwa hai. Mwanajeshi anaingia kwenye chuma kilichopinduka, giza, hajui atatoka vipi. Tangu siku ile hakuna mtu wa kunisukuma nisimame. Hapo nyuma ilizama meli ya MV Bukoba, 21 Mei 1996, na wengi wa waliokufa wamelala makaburi ya Igoma. Sisi wa visiwani tunaijua bendera iliyoshushwa kuliko watu wengi.

Naomba kwenye hayo majina msitaje wa vita tu.

Mswahili wa Ughaibuni

Huku Marekani kwenye siku yao ya kuwakumbuka waliofia vitani, Jumatatu ya mwisho ya Mei, bendera inakaa nusu mlingoti mpaka saa 6 mchana, kisha inapandishwa juu kabisa. Asubuhi ni ya wafu, mchana ni ya walio hai kuendelea na kazi. Na mwanajeshi akizikwa, bendera iliyofunika jeneza inakunjwa pembe tatu anapewa mjane au mzazi. Watu wa mtaani hapa mara nyingi wanakwenda wenyewe kuweka bendera ndogo makaburini, na watoto wao. Wana kasoro zao nyingi lakini hilo nimelipenda.

Mjukuu wa Mgambo

Nimesoma komenti zote nikasema nikae kimya, nimeshindwa.

Babu yangu alichukuliwa mgambo kutoka Magu. Alipita Kyaka, Mutukula, Masaka, akafika Kampala. Aliporudi alikuwa na koti moja la jeshi na kadi iliyoandikwa jina lake kwa kalamu. Alilima pamba mpaka nguvu zikamwishia. Uzeeni tukamsaidia kufuatilia kama kuna chochote anachostahili, walau matibabu. Ofisi tuliyokwenda walitupokea vizuri mara ya kwanza. Kadi inasema jina moja, kitambulisho cha taifa kinasema jina lile lile lakini herufi mbili tofauti, maana aliyeandika kadi mwaka 1978 aliandika alivyosikia. Tukaambiwa tulete kiapo. Tukaleta. Tukaambiwa tulete mashahidi wawili waliokuwa naye kombania moja. Mmoja alikuwa Geita hawezi kutembea, mwingine alishakufa. Babu akasema mwacheni. "Mimi sikwenda ili nilipwe. Ila wasiniite muongo."

Alifariki kabla ya hilo kuisha. Hakuwa mwajiriwa wa jeshi kwa hiyo hakukuwa na gwaride, hakukuwa na tarumbeta wala bendera juu ya jeneza. Walikuja wazee watatu wa rika lake, nao walikuwa mgambo. Tulipomaliza kufukia, mmoja akamwomba mwalimu wa michezo wa shule ya jirani filimbi yake. Akapuliza. Wale wawili wakakaza visigino kwenye udongo mbichi. Watu wote tuliokuwa pale, na wale waliokuwa wanapita barabarani na baiskeli zao, tukasimama. Hakuna aliyeambiwa.

Kwa hiyo mleta mada, wazo lako nalikubali kwa moyo wote, ila naomba kitu kimoja. Msiwatoe wazee mkawaweka mbele ya watu kisha mkawapa soda mkapiga nao picha. Ofisi hiyo hiyo ya kata itakayompa kamba iandike barua inayosema: huyu tunamfahamu, alikwenda. Barua ya mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, na muhuri. Babu yangu alikosa karatasi hiyo tu.

Mhitimu Asiye na Ajira

Mkuu pole kwa babu. Hapo kwenye barua nimeelewa. Mimi naweza kuandika, nina kompyuta ya kuazima pale dukani kwa jamaa. Kama kuna kata itataka kuorodhesha wazee wake nitawaandikia bure.

Mstaafu wa Buhongwa

Vijana wangu, salaam. Mimi si mwandishi. Nimetumikia JWTZ mpaka muda wangu ulipofika. Kagera nilikuwa kuruta mpya kabisa. Nimesomewa uzi huu na binti yangu na yeye ndiye anayeniandikia.

Kwanza nashukuru. Pili, mkisema mashujaa msiishie Kagera. Wako waliokwenda Msumbiji miaka ya themanini, na waliofia kule wamelala Naliendele, Mtwara. Wa Kagera wako Kaboya, Muleba. Wako waliokwenda Komoro mwaka 2008. Wako waliokufa Darfur Julai 2013, saba kwa siku moja. Wako wale waliouawa Semuliki, Kongo, usiku wa 7 Desemba 2017, na hao ni umri wa wanangu. Wajane wao ni wasichana. Watoto wao wako shule za msingi sasa hivi. Mkitafuta majina ya kata, anzieni kwa hao, kwa sababu mama zao bado wako hai na wanasikia.

Tatu, kuhusu kuogopwa. Askari anayemrusha raia kichurachura kwa sababu ya bendera hakufundishwa hivyo kwenye gwaride. Sisi tulifundishwa kwamba bendera ikishuka, wewe unayeishusha ndiye unayetazamwa. Ukiishusha ovyo, huna haki ya kumdai mpita njia heshima. Nimekwisha kuona mahali inashushwa na mtu mwenye sigara mdomoni.

Nne, huyo kijana anayeuza vifuniko vya simu. Mwanangu, tulipotoka Uganda tulikuta maduka hayana kitu. Sabuni ya kufulia ilikuwa kwa foleni. Sisi nasi tulijiuliza tulikwenda kufanya nini. Sikwambii uvumilie, maana na sisi walituambia tuvumilie na tulichoka. Nakwambia tu kwamba nilipokuwa Lukaya kwenye ule mbuga wa maji, mizinga ya Walibya inapiga, sikuwa namfikiria kiongozi yeyote. Nilikuwa namfikiria mama yangu Kwimba, na ng'ombe wetu, na jinsi ambavyo wale wakivuka tena watafika kwake. Kwangu nchi ilikuwa hiyo. Bado ni hiyo.

Nitakuja kushika kamba kata yangu ikiniita. Goti la kulia halikunji vizuri lakini mikono ipo. Na Mjukuu wa Mgambo, pole. Kama babu yako alikuwa Masaka mwezi wa pili, inawezekana tulikuwa karibu. Nitafute, niangalie picha yake.

Bodaboda wa Mwaloni

Mzee shikamoo. Nimesoma maneno yako mara mbili. Hiyo siku ikifika Buhongwa nijulishwe, nitakuja kukuchukua nyumbani na kukurudisha, hulipi.

Kalamu ya Ilemela

Nimeongea na mwenyekiti wa mtaa wetu. Hajakataa. Anataka kujua nani ataandaa chai na kama mtendaji wa kata anajua. Nimemwambia chai tutachanga. Swali lake la pili lina maana: kwenye kata yenye mitaa mingi, mzee yupi anashika kamba? Nimependekeza mkubwa kwa umri, kama hawezi anakaa kwenye kiti karibu na mlingoti na anamtaja wa kumshikia.

Mwana wa Nyakato

Wakuu, nimebadilisha ombi la mwanzo kutokana na mliyosema. Barua ya kumtambua mzee inaingia, na iwe tayari kabla ya siku yenyewe, akabidhiwe mkononi. Majina yaanze na wa karibuni, wa Kongo na Darfur, kwa idhini ya familia, familia isiyotaka jina lisomwe halisomwi. Wa MV Nyerere na MV Bukoba nimejiuliza sana. Binti wa Ukerewe, naona wastahili siku yao, 20 Septemba na 21 Mei, kwa utaratibu huo huo, bendera nusu mlingoti na majina. Wakichanganywa siku moja orodha itakuwa ndefu mno na watoto watachoka, na hakuna jina linalostahili kusomwa kwa haraka. Nielewe, sijawaweka nyuma.

Mwalimu wa Usagara, tunaomba watoto wako wanne waje na yule mzee wawafundishe watoto wa kata nyingine. Nauli tutachangia.

Mzee wetu wa lindoni nimekwenda kumwona jana jioni. Nilifika kabla ya filimbi nikasimama naye. Baadaye nikamweleza. Akauliza mlingoti wa ofisi ya kata una urefu gani na kamba ni ya katani au ya nailoni, maana ya nailoni inateleza mkononi. Nimekwenda kuangalia leo asubuhi. Ni ya nailoni, na imefungwa fundo katikati ambalo halipiti kwenye puli, ndiyo maana bendera yetu haifiki juu kabisa. Mtendaji amekubali ibadilishwe, tunatafuta kamba ya katani. Mwenye duka la vifaa vya uvuvi Kirumba anayesoma hapa aje PM.

Binti wa Ukerewe

Nimekuelewa, 20 Septemba sawa. Ukara tutaandaa wenyewe. Kamba ya katani ipo Nansio, unataka mita ngapi?